Shahidi Ndani ya Chupa

Haya ni vazi zuri la mwanadamu, lakini si vazi la kuingia nalo kwa tabibu. Katika vitu tuvionavyo haya, mkojo hauna mwenziwe. Hata jina lake hatupendi kulitaja mbele ya wakubwa. Twasema haja ndogo. Lakini maji hayo tuyatupayo bila kuyatazama ni shahidi wa mambo ya ndani ya mwili, ambako jicho halifiki.

Hapa kwetu pwani ya Kenya, shahidi huyo anatakiwa sana kwa ajili ya kichocho. Mabuu ya mdudu wake hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aogaye au avukaye maji hayo. Wakisha kukomaa, wadudu hufanya makao katika mishipa ya damu iliyozunguka kibofu. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, alimgundua mdudu huyo mjini Cairo mwaka 1851. Mayai yake hutoka na mkojo, mara nyingi pamoja na damu. Mgonjwa asiyetibiwa huweza kuharibikiwa na kibofu na mafigo, hata kupata saratani.

Uchunguzi una taratibu zake. Mkojo hutolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa wakati huo mayai huwa mengi. Chupa huwa safi, imeandikwa jina na saa. Katika maabara mkojo hutikiswa, mililita 10 hupitishwa katika chujio, na hadubini huonyesha yai lenye mwiba mdogo nchani.

Lakini hadubini haijui chupa ni ya nani. Wapimaji walipokuja shuleni kwetu, nilimsikia mvulana akimnong'oneza mwenziwe amjazie chupa yake. Nilimwita kando.

"Mwalimu, watanicheka," alisema. "Nakojoa damu."

"Mwanangu," nikamwambia, "chupa ya mwenzio itamponya nani?"

Alinyamaza kitambo, akaenda, akarudi na yake. Mayai yalionekana, akapewa vidonge vya prazikwanteli, akapona. Mwenziwe angalimjazia, karatasi ingalimwita mzima, naye angaliendelea kuumia kimya na kupeleka mayai bwawani, wadogo zake waogeleamo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi, vijana, mkipewa chupa, leteni iliyo yenu. Kazi ya mpimaji haiwezi kuwa ya kweli kuliko mkono uliomletea.