Mjusi, mkeka wa joto na -127

Leo siandiki juu ya hifadhidata wala simu mpya. Leo ni habari ya mjusi. Usiondoke kwanza, maana ndani ya habari hii kuna mistari arobaini hivi ya programu niliyoiandika mwenyewe, nikajivunia, na nusura imuue kiumbe asiye na hatia.

Mimi nimekulia Mombasa, na kule mjusi ni mmoja tu: mjusi kafiri, yule wa ukutani anayevizia wadudu karibu na taa. Utotoni tuliambiwa ndiye aliyeupuliza moto alimotupwa Nabii Ibrahimu, kwa hiyo ukimwona unamrushia ndara bila kuuliza maswali. Basi Novemba 2022, nikiwa Leeds, Uingereza, kwa kazi ya mkataba, nilimpigia Mama simu kumweleza kwamba mwenzangu wa nyumba amehamia nchi nyingine na ameniachia mjusi wake nimtunze. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, umevuka bahari zote hizo kwenda kufuga kafiri?"

Huyu lakini si kafiri. Ni mjusi wa manjano mwenye madoadoa meusi, ndiyo maana Waingereza wakampa jina la chui, na mimi nikamwita Chui moja kwa moja. Asili yake ni Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa India, kwenye vilima vikavu vya mawe. Wa kwetu hana kope, hujilamba macho kwa ulimi, naye hupanda ukuta kama hakuna kitu. Chui ana kope, anafumba macho akilala, na vidole vyake vina kucha tu, hawezi kupanda kioo. Mkia wake ni mnene kwa sababu humo ndimo anamoweka akiba ya mafuta. Mkia ukikonda, ujue akiba inaliwa.

Na mkia wa Chui ulianza kukonda.

Majira yale gharama za umeme na gesi Uingereza zilikuwa zimepanda sana, na katika nyumba yetu tulikubaliana kuwasha joto asubuhi na jioni tu. Desemba ikaja na baridi kali. Chumbani kwangu usiku zilibaki nyuzi 13. Mimi nilivaa sweta mbili, lakini Chui hana sweta, na hata ungemvisha isingemsaidia, kwa sababu mwili wake hautengenezi joto la kutosha la kuhifadhi. Joto lote analolihitaji hulichukua nje, kwenye jiwe au sakafu anayolalia. Bila joto hilo tumbo halisagi chakula. Akaanza kuwakataa nyenje. Siku moja alimla mmoja, kesho yake akamtapika mzima mzima. Nilimpima kwa mizani ya jikoni: gramu 49. Kwenye karatasi aliyoniachia mwenzangu palikuwa pameandikwa 58.

Sasa tuingie kwenye ufundi.

Tangi lenyewe ni la kioo, urefu sentimita 60, upana 45. Chini ya theluthi moja ya sakafu, upande wa kulia, umelazwa mkeka wa joto, kitu chembamba kama karatasi ngumu kinachochomekwa kwenye umeme. Ukutani palibandikwa kipimajoto cha mshale. Kilisoma nyuzi 22 na mimi nikakiamini kwa wiki nzima. Kosa la kwanza hilo. Chui haishi ukutani! Anaishi sakafuni, tumbo likiwa chini. Nikanunua kipimajoto cha bastola, kinachofanana na vile tulivyoelekezewa kipajini kwenye kila mlango wakati wa korona, nikakielekeza pale anapolala. Nyuzi 26. Alihitaji 31 hadi 33.

Nikanunua mkeka wenye nguvu zaidi, na juu yake nikaweka vigae vya sakafuni, kwa sababu kigae hushika joto vizuri na ni rahisi kufuta. Nikauchomeka, nikaenda kuoga. Niliporudi kigae kilikuwa kimefika 44 na bado kinapanda. Mkeka hauna akili. Unapasha tu mpaka uzimwe. Kwa hiyo lazima pawepo kidhibiti cha kuuzima na kuuwasha. Dukani kidhibiti cha kawaida kilikuwa kama pauni 30. Nikajiambia, mimi nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, nitoe pauni 30 kwa kitu cha kulinganisha namba mbili?

Basi nikatoa Arduino iliyokuwa imelala kwenye droo, nikanunua kihisi joto aina ya DS18B20, kile chenye waya na ncha ya chuma isiyoingia maji, pamoja na rilei ya kukata na kuunganisha umeme. Ncha ya kihisi nikaibandika juu ya kigae. Programu yenyewe ungeweza kuieleza kwa mtoto: joto likishuka chini ya 31 washa, likizidi 32.5 zima. Hapo katikati usiguse kitu, ili rilei isiwe inawaka na kuzima kila sekunde. (Umeme wa ukutani huko ni wa volti 230 na plagi za pini tatu kama zetu, si wa kuchezea. Rilei niliifungia ndani ya kisanduku cha plastiki chenye fyuzi. Kama hujawahi kufanya kazi ya umeme, mwite fundi.)

Ilifanya kazi siku kumi na tisa. Chui akaanza kula tena. Nilichora hadi grafu ya joto, nikamtumia kila mtu ambaye hakuiomba.

Siku ya ishirini nilirudi kutoka kazini kama saa kumi na mbili jioni, giza limeshaingia zamani, nikakuta Chui amejibanza kwenye kona ya kushoto kabisa, pua imegusa kioo, mdomo wazi. Kigae cha upande wa pili: nyuzi 46. Nilichomoa plagi kabla hata ya kuvua koti.

Nikakaa sakafuni na tarakilishi mapajani kutafuta kilichotokea. Waya mmoja wa kihisi ulikuwa umelegea, nadhani Chui mwenyewe aliuvuta alipokuwa akichimba. Kihisi kikakatika. Na maktaba ya programu niliyoitumia, isipokipata kihisi, haipigi kelele wala haisimami. Inarudisha namba -127. Umeshaona? Programu yangu ikauliza: je, -127 iko chini ya 31? Naam, iko chini sana. Washa. Baada ya sekunde mbili ikauliza tena, ikajibiwa vile vile. Washa. Kwa hesabu yake ilikuwa ikimwokoa mjusi aliyeganda kwenye baridi isiyopatikana popote duniani, na ilifanya hivyo kwa bidii zote, saa baada ya saa, nami ofisini nakunywa chai.

Kazini tungemcheka mwanafunzi wa mafunzo aliyeamini namba kutoka nje bila kuikagua. Mimi huwa nakagua hata fomu ya mtu kuandika tarehe ya kuzaliwa! Lakini kwenye kitu chenye roho sikukagua, kwa sababu kilikuwa mradi wa nyumbani.

Kilichomwokoa Chui hakikuwa chochote nilichokiandika. Ni kwamba tangi lilikuwa na upande wa baridi. Mkeka uko chini ya theluthi moja tu, na ile nafasi iliyobaki ilikuwa na pango lake la pili, kama nyuzi 24 siku za kawaida. Akaona kulia kunaungua, akahama. Mjusi ndiye kidhibiti joto cha kwanza: hutembea kati ya pango la joto na pango la baridi siku nzima akijipimia mwenyewe. Kazi yetu ni kumwachia nafasi ya kuchagua. Ningekuwa nimetandika mkeka sakafu nzima ili "apate joto la kutosha", kama nilivyofikiria mwanzoni, pasingekuwa na pa kukimbilia.

Nilimgeuza chini ya taa nikamkagua tumbo. Ngozi ilikuwa na wekundu kidogo, haijapasuka. Kesho yake nikampeleka kwa daktari wa wanyama, akasema amenusurika, apewe maji na aachwe apumzike. Malipo ya daktari yalizidi zile pauni 30, sitaji kwa kiasi gani.

Leo programu inakubali namba kati ya 10 na 45 tu. Nje ya hapo inazima mkeka na kupiga kengele. (Ukitumia kihisi hicho, jihadhari pia na 85: ndiyo namba kinayoitoa kikiwa kimewashwa tu na hakijapima chochote.) Nimewasha pia ile saa ya ndani ya Arduino inayoianzisha upya programu ikiganda. Halafu, kwa kuwa rilei yenyewe inaweza kung'ang'ania ikiwa imewasha, nilikwenda dukani kwa kichwa kilichoinama nikanunua kile kidhibiti cha pauni 30. Kina kihisi chake, nimekiweka kwenye 34, na umeme lazima upite kwake kwanza ndipo ufike kwangu. Baridi tutaivumilia kwa usiku mmoja. Nyuzi 46 hapana.

Pango la tatu, lenye taulo za karatasi zilizoloweshwa, nililiongeza katikati kwa ajili ya kujivua ngozi. Anajivua usiku, kisha anaila ngozi yote, asubuhi hukuti ushahidi.

Neno moja kwa walio nyumbani Kenya: msione habari hii mkaenda kuokota mjusi wa porini mkamtia kwenye kioo. Kufuga wanyamapori kunahitaji kibali chini ya sheria ya mwaka 2013, na mjusi wa kwetu ana joto lake la bure tayari.

Mwenzangu hajarudi kumchukua, na sidhani atarudi. Mijusi hawa wakitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, hesabu ambayo sikuifanya nilipokubali kupokea tangi. Jana alikuwa gramu 61, mkia umejaa. Mama bado hataki kutumiwa picha zake, lakini kila nikipiga simu, kabla hajauliza habari za kazi, huuliza: "Na huyo kafiri, kala?"