Sanduku la Dereva wa Lori Atokaye Kisumu

Mji wa Kisumu umelala chini kando ya ziwa, kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na njia zake kubwa hazichelewi kuanza kupanda. Njia ya Kakamega hukwea vilima vya Riat mara tu iuachapo mji. Njia ya Busia hufuata ziwa mpaka Kisian, kisha hupanda hadi Maseno, mahali ambapo msafiri huvuka mstari wa Ikweta. Njia ya mashariki hukata uwanda wa Kano mpaka Ahero, halafu huanza kuitafuta Kericho, ambayo iko kiasi cha mita 2,000, ingawa kutoka Kisumu ni mwendo wa kilomita 80 tu. Basi dereva afungaye mzigo wake Kisumu anajiandaa kwa nchi mbili kwa siku moja: nchi ya tope na nchi ya milima.

Reli ilipofika hapa mwezi wa Desemba 1901, mahali hapo pakiitwa Port Florence, mizigo ilihamishwa kutoka garimoshi hadi meli, na mtu wa lori hakuwako. Leo lori limeshika kazi kubwa. Mafuta hufika Kisumu kwa bomba tangu 1994, na kutoka hapo matangi huyachukua mpaka Busia na Uganda. Mchele hutoka Ahero, miwa hutoka mashamba ya Muhoroni na Chemelil, na mbuta na omena hutoka Usenge, Mbita na fuko nyingine nyingi za Nam Lolwe, kama Wajaluo waitavyo ziwa hilo. Kwa hiyo habari ya vifaa vya lori si ya dereva peke yake. Mkulima aliyepakia magunia yake nyuma anasafiri humo pia, hata akiwa amelala nyumbani.

Ukimtaka dereva yeyote afungue sanduku lake, utakuta jeki, spana ya magurudumu na bomba la kurefushia mkono wake, nyundo, bisibisi, koleo, waya, na pengine mkanda wa feni wa akiba. Gurudumu la akiba limefungwa mahali pake. Vitu hivi havihitaji kuhubiriwa, kwa kuwa asiye navyo hafiki, na tajiri wake humwuliza. Vinavyokosekana ni vile ambavyo kukosekana kwake hakumzuii dereva huyo kufika, humzuia mwingine. Navyo ndivyo vya bei ndogo kabisa.

Cha kwanza ni kabari. Lori likiharibika kwenye mlima wa Maseno, utingo huruka chini na kuokota mawe mawili makubwa kando ya njia, akayasukumiza nyuma ya magurudumu. Hapo amefanya vema, kwani lori lenye mzigo halipaswi kuachiwa breki ya mkono peke yake. Fundi huja, gari hutengenezwa, injini hunguruma, utingo hupanda mbio, na lori huenda zake. Mawe hubaki palepale katikati ya njia. Usiku huo huja mwenye pikipiki, au matatu yenye taa dhaifu, na jambo linalofuata halihitaji kuelezwa. Kabari mbili za mti mgumu, zilizokatwa vizuri kwa mshazari na kutobolewa tundu la kamba, huondoa hatari hiyo yote. Kamba si pambo. Hufungwa kwenye ubavu wa lori, hata gari liondokapo kabari hufuata, asitake asiyetaka. Kipande cha mti kilichobaki kwa seremala chatosha kwa kazi hiyo, na ni ajabu kuwa lori la mamilioni ya shilingi hukosa kitu kama hicho.

Cha pili ni alama za pembetatu zenye kung'aa, ambazo sheria ya Kenya inamtaka dereva awe nazo mbili. Wengi wanazo, lakini zimelala chini ya kiti kwa ajili ya kuonyeshwa polisi. Gari liharibikapo, huvunjwa matawi ya miti yakatandazwa njiani, kama desturi ilivyo. Mchana matawi husaidia, kwa kuwa kila mtu huifahamu maana yake. Usiku tawi halina nuru yoyote. Likionekana, mwenye kuliona amekwisha kulifikia. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde, basi alama iliyowekwa hatua kumi nyuma ya lori haimpi mtu nafasi hata ya kushtuka. Yafaa iwe mita 50 au zaidi, na ikiwa lori limesimama baada ya kona au kilele cha mlima, alama iwekwe kabla ya kona yenyewe, siyo baada yake. Tochi nzuri yenye betri hai huenda pamoja na alama hizo, maana atakayezipeleka atatembea gizani barabarani.

Uwanda wa Kano una masharti yake. Udongo wake ni mweusi, wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua hugeuka ute. Mto Nyando ufurikapo, maji hutandaa mashambani, na lori lililoacha lami kidogo tu kumpisha mwingine huzama mpaka kwenye ekseli. Hapo jeki huwa kama mtu anayejaribu kusimama juu ya uji: kadiri unavyoizungusha ndivyo inavyoshuka, na lori halinyanyuki. Dawa ni ubao mnene wa kuwekwa chini ya jeki. Pamoja na ubao, sepetu ya kuondolea tope mbele ya magurudumu, panga la kukatia majani ya kutandika, magunia matupu, na mnyororo au kamba ya chuma ya kuvutwa. Mnyororo huo uangaliwe kabla ya safari, na wakati wa kuvutwa watu wasimame mbali, kwa sababu ukikatika hurudi kwa nguvu za kuua.

Kuhusu mteremko, ni lazima kusema wazi kwamba hakuna kifaa cha sandukuni kinachosimamisha lori lililokwisha kushindwa na breki. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, kwenye barabara hii hii iendayo Kericho, lori liliacha njia likawagonga watu na magari yaliyokuwa kando. Zaidi ya watu 50 walifariki. Kazi ya breki hufanywa kabla ya kuondoka na katika kuchagua gia ndogo kileleni, siyo katikati ya mteremko. Malori ya breki za upepo hukusanya maji ndani ya matangi yake ya upepo, nayo yatakiwa kumwagwa kila asubuhi. Kazi ya dakika mbili. Mipira ya upepo na viungo vyake vya akiba vichukuliwe, kwa kuwa upepo ukiisha, breki za namna ya siku hizi hukaza magurudumu, na lori hubaki pale lilipo, liwe limezuia njia au la.

Kizimamoto kiwe karibu na mlango wa dereva, siyo chini ya mzigo. Hutosha kwa moto wa waya au wa mpira uliopashwa na breki, ikiwa umewahiwa. Hakitoshi kwa tangi la mafuta. Mwezi wa Julai 2021, karibu na Malanga huko Siaya, kwenye barabara ya Busia, tangi lilipinduka baada ya kugongana na gari jingine. Watu walikuja na madumu kuchota petroli, moto ukawaka, na zaidi ya watu kumi wakafa. Dereva wa tangi ambaye bado ana nguvu za kusimama hana cha kufanya ila kuwafukuza watu na kuita polisi, kwa hiyo simu iliyojaa umeme yahesabiwa miongoni mwa zana zake.

Vilivyobaki ni vichache. Dumu la maji la lita 20, na subira ya kungoja injini ipoe kabla ya kulifungua rejeta. Sanduku dogo la bandeji. Turubali lisilo na tundu, kwa kuwa mvua za ziwani hupenda kuja alasiri na usiku, wakati ambapo omena iliyokauka imekwisha kupakiwa. Gunia lililolowa humrudisha mwenye mali ufukoni akiwa na deni. Lori la mbuta halina hofu ya mvua, bali ya kusimama: barafu haingoji fundi. Na madereva wa njia ya samaki, labda kwa sababu hiyo, ndio wanaoonekana mara nyingi Kisumu wakikagua mikanda na mipira kabla ya kufunga milango, utingo akipigapiga magurudumu kwa chuma, mmoja mmoja, na kusikiliza sauti yake.