Muyaka Mwenye Alama za Penseli

Ukiletewa kitabu kikuukuu hapa Unguja, usianze kutazama jalada wala jina la mtungaji. Kifungue katikati utazame pini. Vingi katika vitabu vyetu vyembamba vya miaka ya 1950 na 1960, vya skuli na vya mashairi, havikushonwa kwa uzi. Vilibanwa kwa chuma, na hewa ya chumvi hula chuma kabla haijaanza kula karatasi. Kutu huenea ukurasani mfano wa chai iliyomwagika, kisha huja ukungu, na nyuma ya ukungu wadudu. Wanakili wa Kiarabu wa zamani walikuwa na desturi ya kuandika “Ya Kabikaj” katika kitabu ili wadudu wasikisogelee. Mimi hutia karafuu katika kitambaa, kama wafanyavyo mama zetu katika masanduku ya nguo. Duka linanukia vizuri. Mende hawajatoa rai yao.

Nimo katika biashara hii mwaka wa ishirini na sita sasa, na ni haki nimwambie msomaji kwamba niliingia kwa uroho wa kusoma, si kwa akili ya kuuza. Sikupita chuo. Ushairi niliusikia barazani, na kufasiri nimejifunza kwa kulinganisha matoleo. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka tena baada ya kusahihishwa, hata yule mtawala akavishwa kanzu ya Kiswahili na kuitwa Juliasi Kaizari. Nilipozipata zote mbili, moja ikiwa haina jalada, nilizifungua ubavu kwa ubavu nikasoma usiku kucha. Hakuna mwalimu ambaye angenionyesha kwa uwazi ule mfasiri akijibishana na nafsi yake: neno hili limebaki na lile limeondoka, kwa nini? Nakala hizo haziuzwi. Kila muuza vitabu ana rafu ambayo mteja huambiwa kuwa ni ya mkewe.

Bei za vitabu hivi zina mantiki yake, ingawa si ya kupendeza. Swahili Tales ya Edward Steere, iliyochapwa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, leo yasomwa bure kwenye intaneti na yeyote mwenye simu; hata hivyo wapo wanaoitafuta chapa ile ya kwanza kwa udi na uvumba. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, wa mwaka 1960, ulisomwa na kuazimwa mpaka majalada yakaachana na kurasa, na ndiyo maana nakala nzima ya chapa ya mwanzo nimeiona mara chache kuliko vitabu vilivyoutangulia kwa miaka thelathini. Kitabu kilichopendwa huchakaa mikononi mwa watu, na kilichochukiwa hudumu kabatini. Riziki yetu kwa kiasi fulani hutoka katika vitabu ambavyo hakuna aliyevifungua.

Na wapo wauza karanga. Sina ugomvi nao, wanatafuta riziki kama mimi, ila vifuko vyao hunikosesha usingizi. Siku moja Darajani nilikabidhiwa karanga ndani ya ukurasa wa Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na kuwalea washairi wengi, Shaaban Robert akiwamo. Shairi lilikatwa katika ubeti wa tatu. Nilinunua vifuko vyote kumi na kimoja vilivyosalia sahanini, na muendelezo sikuuona.

Lakini nilikusudia kusimulia habari ya Muyaka. Mashairi ya bingwa huyo wa Mvita yalikusanywa na mmishionari W. E. Taylor, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na mwaka 1940 yakachapwa Johannesburg kwa uhariri wa W. Hichens. Mshairi wa Mombasa, mhariri Mwingereza, mtambo wa Afrika Kusini! Nakala yangu ilikuja katika gunia, pamoja na vitabu vingine arubaini na ushei vya mzee aliyekwisha fariki. Warithi walikihitaji chumba. Ilijaa penseli. Pembezoni mwa beti mzee ameandika kwa hati ya Kiarabu, Kiswahili kitupu: maana ya neno, jina la mtaa, na mahali pengi neno moja tu, “siyo”, kisha lile analoliona yeye kuwa sahihi. Mzee huyu hakumjua Muyaka kwa kitabu. Alimpokea kwa sikio, kutoka kwa watu waliompokea kwa sikio, na alipokipata kitabu alikaa nacho akakisahihisha.

Wakala mmoja wa ng'ambo, anayenunulia maktaba, alinitajia fedha za kutosha kodi ya duka miezi mitano. Hakuwa mtu mbaya, na hoja yake haikuwa mbaya: kule kuna chumba kikavu, na wasomi wangekifikia. Nilikuwa sijamjibu alipoingia binti mmoja, akaniamkia, akasema, “Ami, sikuja kununua. Nimeambiwa vitabu vya babu viko hapa. Nataka kuuona mwandiko wake.”

Nilimpa kiti. Herufi alizijua kwa sababu ya chuoni, ila hakuwahi kuzisoma zikisema Kiswahili, basi alitambaa nazo polepole kwa kidole. Alipolifikia lile “siyo” la kwanza alilisoma kwa sauti, akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. “Ndivyo alivyokuwa akitukatiza,” alisema. “Hujamaliza jumla, keshasema siyo.”

Niliigawa bei ya gunia kwa idadi ya vitabu, ikaja shilingi elfu mbili na mia tano, nikamuuzia kwa hiyo. Kwanza tulikipiga picha ukurasa kwa ukurasa, yeye akifungua na mimi nikishika simu. Wakala nilimwandikia kwamba kitabu kimepata mwenyewe. Mke wangu alipiga hesabu ya kodi kwa sauti, mara mbili, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Chumba cha yule binti si kikavu. Nimempa karafuu, nikamwonyesha namna ya kuzing'oa pini zenye kutu na kushona kwa uzi wa pamba. Huniletea picha za maneno yanayomshinda. Juzi lilikuwa neno lililofifia kando ya ubeti wa mapenzi. Yeye alisoma “wivu”, mimi nikasoma “wimbi”, na mpaka naandika haya hatujakubaliana.