Vitabu Walivyovigombania

Mwaka 2003, serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi, darasa langu la nne hapa Magwagwa, upande wa Gusii, lilifurika hadi watoto wengine wakaandikia magotini. Fedha nazo zikaja: shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na 650 kati ya hizo zikawekwa kwenye akaunti iliyoitwa SIMBA, ya vitabu na vifaa vya kufundishia peke yake. Kila shule iliunda kamati ya kuchagua vitabu kutoka kwenye orodha iliyoidhinishwa, kile kijitabu cha rangi ya chungwa ambacho walimu wa wakati ule wanakikumbuka. Mimi niliingizwa kwenye kamati kwa kuwa nilifundisha Kiswahili. Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye klabu ya vitabu, na katika ualimu wangu wote hakuna kitu ninachokithamini kuliko klabu hiyo.

Mawakala wa wachapishaji walipanda hadi kwetu na magari yaliyojaa sampuli. Kila mwalimu alijichukulia za somo lake: hesabu, sayansi, Kiingereza. Vilivyosalia kabatini ni vile vyembamba vya hadithi. Havikuwa na mwenyewe, kwa sababu havikuwa na mtihani. Nikamwomba mwalimu mkuu ufunguo wa kabati, na Alhamisi baada ya vipindi, muda ambao skauti walikuwa uwanjani. Akanipa vyote viwili, na klabu ikaanza.

Swali la kwanza lilikuwa nani asome nini. Majalada yalisema "darasa la nne", lakini mtoto wa Magwagwa nyumbani anaongea Ekegusii. Kiswahili anakipata shuleni na redioni, na wazazi wake wanakitumia wakishuka Sondu, ambako Mgusii, Mjaluo na Mkipsigis wanakutana sokoni na kila mmoja anataka kuuza. Kiingereza ni cha darasani. Kwa hiyo namba ya darasa iliyochapishwa Nairobi haikunisaidia sana. Mradi wa Uwezo ulipoanza mwaka 2009 kuwapima watoto nyumba kwa nyumba, ukatangaza kwamba wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili, nchi ilishtuka. Sisi tuliokuwa na watoto hao mbele yetu kila siku tulikuwa tunajua.

Nilitumia vidole. Mtoto anafungua kitabu katikati, anasoma ukurasa mmoja kwa sauti ya chini, na kila neno likimshinda anakunja kidole. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu kinarudi kwenye sanduku la klabu, atakirudia muhula ujao. Walimu wa nchi nyingi wanaijua njia hii. Ninachoipendea ni kwamba mtoto anajipima mwenyewe, wala hakuna anayesimama mbele ya wenzake kuambiwa hajui kusoma.

Hata hivyo kitabu chepesi si lazima kiwe kitabu kizuri. Hadithi nyingi tulizoachiwa zilikuwa na mwenendo mmoja: mtoto anaonywa, anakaidi, anaumia, anajuta, na ukurasa wa mwisho una maswali ya ufahamu. Nilianza kuwasomea kurasa mbili za kwanza, kisha nafunga na kuuliza hadithi itaishaje. Darasa zima likijibu kwa pamoja, na likipatia, kitabu hicho sikinunui. Wakitofautiana, mmoja akisema mbwa atarudi na mwingine akisema ameshakufa, naandika jina la kitabu. Kipimo hicho nimekitumia hadi leo na sijapata kilicho bora. Klabu inaishi kwa ubishi. Watoto wakikubaliana kuhusu kila kitu, wiki ya tatu wanaanza kutoroka kwenda kucheza mpira, na siwalaumu.

Ndiyo maana vitabu vya Barbara Kimenye havikukaa sandukuni hata siku moja. Huyu mama alizaliwa Uingereza, akaishi na kufanya kazi Uganda na Kenya, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuandika visa vya Moses, mvulana wa shule ya bweni inayopokea watoto walioshindikana kwingine. Moses anavunja sheria, anajiokoa, kisha anazivunja tena, na mwandishi haingilii kati kuhubiri. Mwenzangu mmoja aliogopa kwamba tunawafundisha utundu. Mimi niliona watoto ambao Kiingereza kiliwatisha darasani wakihangaika na sentensi ndefu za Kiingereza hichohicho, kwa hiari, ili wajue kama Moses atakamatwa. Hilo lilinitosha kukitetea kitabu mbele ya kamati.

Upande wa Kiswahili, kilichowavuta wale wagumu kabisa ni Abunuwasi wa Gado, kile kitabu cha katuni kilichotolewa na Sasa Sema mwaka 1996. Kuna walimu wanaoona katuni si kusoma. Ningewaomba wakae nyuma ya mtoto anayesoma katuni wakitazame kidole chake: kinarudi kwenye picha, kinahama kwenye maneno, kinarudi tena nyuma kuhakikisha. Baadaye watoto walikuja wenyewe na Shujaaz, jarida lililoanza mwaka 2010 na kugawanywa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Liliandikwa kwa Sheng na liliwalenga vijana wakubwa, kwa hiyo sikuliweka sandukuni. Lakini sikumnyang'anya mtu. Mtoto anayebeba kitu cha kusoma mfukoni bila kutumwa, mimi namwacha.

Wazazi waliniuliza jambo moja, mwaka hadi mwaka: "Mwalimu, hizi hadithi zitaongeza maksi?" Lilikuwa swali la haki. Hadi mwaka 2023, ulipofanywa kwa mara ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ndio ulioamua mtoto wa mchuma chai aende shule gani. Insha ya Kiswahili ilikuwa na alama 40, na dakika 40 za kuiandika. Shule nyingi zilikuwa zimegundua njia ya mkato: vitabu vya insha za mfano, ambavyo mtoto anakariri mianzo na tamathali, kisha anazipachika popote. Ndiyo sababu kila insha iliyofika mezani pangu ilianza alfajiri, jogoo akiwika, mwandishi akiamka na kushika tariki, hata kama mada ilikuwa faida za maji. Nimesahihisha insha za watoto waliodai kwamba machozi yaliwatiririka njia mbilimbili siku waliposhinda mbio. Walikuwa wamejifunza kupamba kitu ambacho hawajakiona.

Vitabu hivyo vya mifano nilivikataa, na hapo ndipo nilipovutana na watu wengi zaidi kuliko mahali pengine popote. Wazazi walikuwa tayari kuchanga kwa ajili yake. Ningepata nakala nyingi kuliko za hadithi zote. Hoja yangu ilikuwa kwamba anayekariri sentensi ya mtu anabaki na sentensi moja, na anayesoma hadithi nzima anajifunza kwa nini sentensi ile ilikaa pale. Sikuishia kwenye hoja. Nilikuwa nikiwasomea wazazi kwenye mkutano aya mbili bila majina, moja ya mtoto aliyekariri na moja ya mwanaklabu aliyeeleza jinsi mvua ya Magwagwa inavyoanza: kuku wanavyokimbilia chini ya ghala la mahindi, mama anavyopiga kelele kuhusu majani chai yaliyo ndani ya kikapu. Walicheka, wakaitambua mvua yao. Baada ya hapo mchango uliokuja ulikuwa wa hadithi.

Mchango wenyewe una majira yake. Hapa kwetu watu wananunua vitu vya maana bonasi ya chai inapotoka, mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo orodha yangu huwa tayari Septemba, na huwa fupi. Nilijifunza mapema kwa walimu walionitangulia kwamba vitabu thelathini tofauti, nakala mojamoja, ni maktaba ndogo. Klabu inahitaji kitabu kimoja mikononi mwa wengi kwa wakati mmoja. Nanunua nakala sita za kitabu kimoja, watoto wanne kwa nakala, wanakaa kichwa kwa kichwa. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilipoweka asilimia 16 juu ya vitabu, sita zikawa tano, na kikundi kimoja kikaongezewa watu. Mimi bado naamini kodi ile haikupaswa kuwekwa juu ya kitabu cha mtoto.

Wasichana nao waliniuliza wao wako wapi katika hadithi hizi. Ulimwengu wa Moses ni wa wavulana. Niliposhuka Kisumu nikanunua vya Asenath Bole Odaga, mwandishi wa huko Nyanza aliyewaandikia watoto kwa Kiingereza na Kijaluo, na ambaye alianzisha duka la vitabu na kampuni ya uchapishaji mjini humo. Jande's Ambition, hadithi ya msichana wa kijijini anayetamani elimu, ilitoka mwaka 1966, na nakala niliyoipata ilikuwa imechakaa. Nikawasomea mimi mwenyewe, sura moja kwa wiki. Nilitaka waone pia kwamba mwanamke kutoka ng'ambo ya mto wetu aliandika kitabu, akakichapisha, akakiuza. Walimjadili yeye muda mrefu kuliko Jande.

Tumepokea misaada vilevile. Maboksi yamekuja kutoka Uingereza na Marekani, na watu hupenda kulalamika kwamba yana theluji na reli za chini ya ardhi. Theluji haijawahi kumsumbua mtoto wangu yeyote. Wanaipenda. Kinachowasumbua ni juzuu ya tatu isiyo na ya kwanza, kamusi ya miaka mingi iliyopita, na hadithi za watoto wa miaka mitatu anazopewa kijana wa darasa la saba. Nilikuwa nachambua boksi kabla halijafunguliwa mbele ya watoto, na kilichopita kipimo cha kurasa mbili kiliingia sandukuni hata kama wahusika wake wanaitwa Nigel.

Kitu kilichobadilisha uchaguzi wangu zaidi katika miaka ya karibuni ni hadithi za African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini ambao unaziweka hadithi fupi mtandaoni kwa lugha nyingi za Afrika, Ekegusii ikiwemo, na unaruhusu mtu yeyote kuzichapa na hata kuzibadilisha. Nilizichapisha kwenye saiba kule Ikonge, nikazishona kwa uzi. Wazazi wa umri wangu walikuwa wamefundishwa kwa vitabu vya TKK, Tujifunze Kusoma Kikwetu. Watoto wao hawakuwahi kuona Ekegusii kwenye karatasi isipokuwa kanisani. Nikamwalika nyanya mmoja wa jirani aje asikilize. Alikaa kwenye kiti changu, akamsikiliza msichana akisoma omogano, yaani ngano, mpaka mwisho, kisha akanigeukia: "Omwana one (mwanangu), huu mmeukata." Akausimulia wote, na ulikuwa na vitu ambavyo hakuna mchapishaji angevikubali. Alhamisi iliyofuata watoto waliandika upya nusu ya pili, wakabishana kuhusu neno moja la Ekegusii ambalo kila ukoo unalitamka kivyake. Kijitabu hicho cha mkono kimeazimwa kuliko vyote tulivyonunua, na ilibidi tukinakili tena kilipolowa.

Kulowa ndiko kunakoua vitabu vyetu. Mvua ya hapa haingoji mtu afike nyumbani. Zamani kila mtoto alibeba kitabu ndani ya juala la plastiki; mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Agosti 2017 tulianza kushona mifuko ya gunia na kuvivisha majalada ya karatasi za mifuko ya simiti. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona nilitoa sanduku zima. Nilivigawa siku ya mwisho bila kuandika jina la mtu. Vitabu vilihama kutoka boma hadi boma kupitia vituo vya kununulia majani chai, na shule zilipofunguliwa kwa madarasa yote Januari 2021 vingi vilirudi, vingine vikiwa na majina ya watoto wa shule za mbali pembeni mwa kurasa.

Nina kanuni moja niliyoipata kwa Daniel Pennac, mwalimu na mwandishi wa Ufaransa, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1992, Comme un roman, aliorodhesha haki za msomaji, mojawapo ikiwa haki ya kutomaliza kitabu. Kwenye klabu yetu mtoto anaweza kurudisha kitabu katikati. Ninachomdai ni aniambie aliachia wapi. Kurasa wanazoachia naziweka kwenye daftari, na kitabu kinachoachwa na wengi mahali pamoja sikiongezei nakala hata kikiwa na tuzo jaladani.

Tangu 2023 tunao watoto wa sekondari ya chini katika uwanja uleule, na wale wa zamani wa klabu wamekataa kuondoka. Wana miaka 13 au 14. Vitabu vya darasa la nne wamevichoka, na riwaya za sekondari ya juu ni nzito kwao. Kwa umri huo Kiswahili cha Kenya kina vitabu vichache kuliko kinavyostahili. Tumeanza na Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020 na ambaye aliwaheshimu wasomaji vijana. Nimewasomea kurasa mbili za vitabu vingine viwili kutoka Tanzania. Kimoja wasichana wanakitaka kwa nguvu. Wavulana wanasema mwisho wake wameshaujua, na wasichana wanakana. Bonasi ikitoka tutanunua nakala sita za kimoja tu, na mjadala huo Alhamisi iliyopita haukuisha hadi mlinzi akaja kufunga lango.