Mikate Mia Nane ya Usiku

Mwaka 1999 binti mmoja, ambaye ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, alihitimu Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichopo Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam, kwa stashahada ya juu ya uhasibu. Akapata kazi kwenye kiwanda cha mikate. Kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa imeanza Julai 1998, na wenye viwanda walihangaika na stakabadhi. Yeye aliajiriwa azipange, ajaze leja na kufunga hesabu za mwezi, ili mkaguzi na maofisa wa Mamlaka ya Mapato, TRA, wasikute pengo. Kazi hiyo aliipenda. Siku urari ulipokubali pande zote mbili, alilala vizuri.

Mwezi wa nne ikaja barua kutoka shule ya bweni. Walitaka mikate 800 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa shilingi 170 mmoja. Bei ya jumla kiwandani ilikuwa 220, na hesabu alizoziandaa mwenyewe zilionyesha kwamba kila mkate unagharimu 200.

“Binti yangu, tuuze kwa hasara ya shilingi thelathini?” Mzee mwenye kiwanda akaisogeza barua pembeni.

“Mzee, naomba unipe mpaka kesho.”

Usiku ule aliivunja ile 200 vipande vipande. Unga, hamira, sukari, mafuta, mifuko na dizeli ya tanuri vilifika 140. Sitini iliyobaki ilikuwa pango, uchakavu wa mitambo, mishahara ya meneja, ya mlinzi na wake mwenyewe, fedha ambazo zingelipwa hata kama shule isingeandika barua. Tanuri liliweza kuoka mikate 10,000 kwa siku, nalo lilikuwa likioka 6,500. Kwa hiyo kila mkate wa shule ungeacha shilingi 30, yaani 24,000 kwa siku. Akatoa 9,000 za safari ya ziada ya gari na posho za usiku, zikabaki 15,000. Kama tanuri lingekuwa limejaa, kila mkate wa shule ungemnyima mteja wa kawaida mkate unaoacha shilingi 80, na hapo angeichana barua ile kwa mkono wake.

Mzee alisoma karatasi mara mbili, akakubali.

Miaka baadaye, akisomea mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, alikutana na habari za Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Uingereza ambaye msukosuko wa mikopo wa 1772 ulimlazimisha kuchambua gharama zake. Wedgwood aligundua kwamba kodi ya pango na baadhi ya mishahara huendelea vilevile, vyombo viwe vingi au vichache. Mwandishi alifurahi kama aliyekutana na ndugu.

Lakini kwenye karatasi ile kulikuwa na kosa, na kosa ni lake. Shule ililipa mwisho wa muhula; muuza unga alitaka fedha taslimu. Kila wiki kiwanda kilitoa shilingi 726,000 kulisha agizo lile, na wiki ya saba ilipokwisha zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimetoka bila senti kurudi. Leja ilionyesha faida. Benki hakukuwa na kitu. Asubuhi moja gari la unga halikuja, wachuuzi wakaondoka na baiskeli tupu, naye akabaki getini akiwatazama.

Alikwenda shuleni mwenyewe. Akawaomba walipe kila baada ya wiki mbili, naye angepunguza bei hadi 165. Shilingi tano katika mikate 800 ni 4,000 kwa siku, hivyo 15,000 ikashuka hadi 11,000. Aliona hiyo ni bei ya haki ya kupata fedha mapema, na bado anaona hivyo: kiwanda kisichoweza kununua unga wa kesho hakina cha kufanya na faida ya Desemba.

Tangu muhula ule, kila Jumatatu aliandika kwa mkono ukurasa mmoja wenye fedha zitakazoingia na zitakazotoka kwa wiki sita zijazo. Leja ziliendelea kufungwa mwisho wa mwezi. Ukurasa ule Mzee aliutaka kabla ya chai.