Goti Jipya Ufukweni Bofa

Baada ya sala ya Alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, twateremka ufukwe wa Bofa, Kilifi, pamoja na mama yetu aliyewekewa goti la bandia. Mchanga uliolowa ni mgumu, miguu haizami. Jeraha limekwisha kupona, na daktari ameridhia. Hutembea kidogo, huketi, hulikunja goti na kulinyoosha taratibu. Kwani likiachwa bila kukunjwa huzidi kukakamaa.

Kinachomliza si maumivu, bali sijda: anasali kitini. Twamkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Imran bin Husayn, naye mgonjwa, asali amesimama, asipoweza, ameketi. Kiti hakipunguzi ibada.

Enyi wenye wazazi, washikeni mkono, mtembee nao. Leo goti limekunjika kuliko juma lililopita. Alhamdulillahi.