Kupona na Kuruhusiwa ni Mambo Mawili

Katika lugha ya hospitali zetu lipo neno ambalo nimelitafakari sana kwa muda wa miezi 14 iliyopita. Neno hilo ni "kuruhusiwa". Mgonjwa akimaliza siku zake wodini husemwa ameruhusiwa. Ndugu hufurahi, hufunga vyombo na mashuka, humalizia kulipa kilichobaki, na kuanzia siku hiyo jamii humhesabu mgonjwa wao kuwa amepona. Lakini kuruhusiwa ni tendo la hospitali, nalo hukamilika kwa sahihi ya daktari. Kupona ni kazi ya mwili, na mwili haufuati kalenda. Makala haya yanahusu kipindi kilichopo kati ya mambo hayo mawili. Mimi ninaishi ndani ya kipindi hicho, na sera zetu za afya na za kazi bado hazijakipa jina.

Nieleze kwanza ugonjwa wenyewe, maana wanafunzi wangu wengine wameuliza kwa heshima na wengine wamenong'ona. Nilipasuliwa kichwa kwa sababu ya anurizimu. Mishipa ya damu inayolisha ubongo huweza kuwa na sehemu dhaifu, hasa pale inapogawanyika. Damu ikisukuma mahali hapo kwa miaka mingi, ukuta wa mshipa hututumka mithili ya mpira wa baiskeli unaochungulia kwenye tairi lililochanika. Inakadiriwa kuwa watu wazima 3 hivi katika kila 100 wanao uvimbe wa namna hiyo, na walio wengi huishi nao hadi mwisho wa maisha yao bila kujua. Shinikizo la juu la damu na uvutaji wa sigara huongeza hatari. Uvimbe huo ukipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na mtu hupatwa ghafla na maumivu ya kichwa ambayo hajapata kuyaonja maishani. Wapo wengi ambao hawafiki hospitali. Wanaofika huhitaji mahali palipopasuka pazibwe kabla hapajavuja tena.

Njia kuu za kuziba ni mbili. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kubana shingo ya uvimbe kwa kibanio kidogo cha chuma; daktari Walter Dandy alifanya hivyo mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1937. Ya pili ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kazi ya Guido Guglielmi: mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa paja hadi ubongoni, na uvimbe hujazwa nyuzi laini za platinamu. Mimi nilifanyiwa ile ya kwanza jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ijuganyondo, kata ya Manispaa ya Bukoba nilikozaliwa na ambako sasa ninaandika. Upasuaji ulifanikiwa. Kibanio kipo mahali pake, picha za kichwa ni safi, na sina neno ila shukrani kwa mikono iliyonitibu.

Kilichobaki ni kizunguzungu.

Wasomaji wengi wamewahi kupatwa na kizunguzungu cha njaa au cha malaria, hivyo hudhani wanakifahamu. Hiki changu ni kingine. Nikigeuza shingo haraka, kibanja kizima hugeuka pamoja nami, kisha huchelewa kusimama. Nikipanda bodaboda, mwanga unaokatwakatwa na majani ya migomba kandokando ya barabara hunitia kichefuchefu. Novemba ilipofika na watu wakawasha taa kali juu ya mabati ya kunasia senene, furaha niliyokua nayo tangu utotoni nililazimika kuisikiliza nikiwa chumbani, mapazia yamefungwa. Kuna pia uchovu usiotokana na kazi: nikisoma kurasa kumi za tasnifu ya mwanafunzi, nahitaji kulala kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Majina ya watu huniponyoka nikiwa katikati ya sentensi. Kelele ya watu watatu wanaozungumza kwa pamoja hunichosha kuliko kupanda kilima.

Madaktari hawashangazwi na dalili hizi. Mwili husimama wima kwa kuunganisha habari kutoka sehemu tatu: macho, viungo na misuli, na vile vijirija vya sikio la ndani. Ubongo ndio karani anayezikusanya habari hizo na kuzilinganisha. Damu iliyomwagika huwasha tishu za ubongo. Mishipa huweza kujikaza katika majuma yanayofuata na kuzinyima damu sehemu nyingine. Na baadhi ya dawa za kuzuia degedege nazo huleta kizunguzungu. Karani aliyejeruhiwa bado yuko ofisini, ila huchelewesha mafaili. Mwigizaji Mwingereza Emilia Clarke, ambaye anurizimu yake ya kwanza ilipasuka mwaka 2011, alieleza mwaka 2019 kwamba baada ya upasuaji kuna wakati alishindwa hata kutaja jina lake mwenyewe, na kwamba alirudi kazini akiwa bado anaelemewa na uchovu. Wakati huo ulimwengu ulimtazama kwenye runinga ukidhani ni mzima.

Sisi watu wa Bukoba tunayo kumbukumbu inayosaidia kulielewa jambo hili. Alasiri ya Jumamosi, 10 Septemba 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliikumba Kagera, likaua watu zaidi ya kumi na kujeruhi mamia. Ardhi ilitulia baada ya muda mfupi, lakini watu walilala nje kwa siku kadhaa, na kishindo cha lori kilitosha kuwainua vitini. Nyumba iliyoanguka haikuhitaji maelezo. Kila mpita njia aliiona. Nyumba iliyobaki imesimama ikiwa na nyufa ndiyo iliyoleta mabishano: mwenyewe anaogopa kulala ndani, jirani anamwambia mbona ipo. Ilihitajika jicho la fundi kusema kuta zipi zinaweza kuzibwa na zipi haziwezi kubeba paa tena. Mgonjwa wa aina yangu ni nyumba ya namna hiyo. Nywele zimeota juu ya kovu, suti inanikaa, na wahenga walishasema mwenye macho haambiwi tazama. Tatizo ni kwamba hapa hakuna cha kutazama.

Nimejifunza kuishi na hali hii kwa taratibu ndogondogo, nazo naziandika kwa ajili ya wenzangu ambao hawajapata wa kuwaeleza. Sinyanyuki kitandani kwa mara moja. Huketi kwanza, nikahesabu hadi ishirini, ndipo nikasimama nikiwa nimeshika kitu. Kizunguzungu kikija, hukaza macho kwenye kitu kisichotikisika, mfano nguzo ya mlango, hadi kipite. Hunywa maji ya kutosha na hulala saa ileile kila usiku. Siogi ziwani peke yangu wala sipandi ngazi kukagua paa. Nina daftari ninaloandika kila siku saa ya kizunguzungu, nilichokuwa nikifanya na dawa niliyomeza, kwa sababu daktari husaidiwa zaidi na daftari kuliko na neno "mara kwa mara". Natembea na mwavuli mrefu, maana katika mji wenye mvua kama wetu mwavuli ni fimbo isiyoulizwa maswali.

Asubuhi hufanya mazoezi ya macho na kichwa: kutazama juu na chini, kushoto na kulia, kwanza polepole, kisha kwa kasi, kisha kutembea huku nikigeuza kichwa. Mazoezi ya namna hii yalibuniwa Uingereza katika miaka ya 1940 na daktari Cawthorne na mwenzake Cooksey kwa ajili ya watu walioumia kichwa na masikio. Msingi wake ni kwamba ubongo hujifunza upya kwa kukutanishwa na kile kinachousumbua, kwa kiasi kidogo, kila siku. Mwanzoni huongeza kizunguzungu, ndiyo maana wengi huacha kabla ya matunda. Na kuna mambo yasiyovumiliwa nyumbani hata siku moja: maumivu makali ya ghafla ya kichwa, shingo kukakamaa, kutapika mfululizo, kuona vitu viwiliviwili, upande mmoja wa mwili kulegea, degedege au kupoteza fahamu. Hayo ni ya hospitali, saa hiyohiyo. Dawa nazo hazikatishwi kwa ushauri wa jirani.

Shangazi yangu, ambaye amepita miaka themanini, anayo maelezo yake kuhusu kichwa changu, na hayafanani na ya daktari. Sibishani naye. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeelewa mwendo ninaouhitaji. Siku moja nilipokuwa nikiharakisha kumfuata shambani alinishika mkono akasema, "Waitu, baba, kaa kwanza. Migomba haikimbii." Sijapata kusikia maagizo ya daktari yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Ofisi, kwa bahati mbaya, hukimbia. Miezi miwili iliyopita nililetewa fomu ya kuamua hatima ya ajira yangu. Ilikuwa na visanduku viwili: "Anafaa kuendelea na kazi" na "Hafai kuendelea na kazi". Mjumbe mmoja wa kamati alinitazama kwa wema kabisa akasema, "Lakini Dokta, mbona unaonekana mzima?" Nikijaza kisanduku cha kwanza, nitapangiwa mihadhara ya jioni ya wanafunzi mia nne na kusimamia mitihani ya saa tatu nikizunguka kati ya madawati, na nitaanguka mbele yao. Nikijaza cha pili, nitastaafishwa nikiwa na umri wa miaka 46, watoto wawili wakiwa bado shuleni, na kichwa ambacho bado kinaweza kufikiri. Nimeviacha visanduku vyote viwili wazi. Chini yake nimeandika, kwa ushauri wa daktari wangu, kwamba ninaweza kufundisha saa nane kwa wiki, asubuhi, nikiwa nimeketi. Kwamba ninaweza kusahihisha na kusimamia tafiti. Na kwamba hali yangu ipimwe upya baada ya miezi sita. Mpaka leo sijajibiwa.

Nimeona afadhali jambo hili liwe la hadhara, kwa kuwa si la mtu mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 nyingine kwa nusu mshahara. Kwa aliyevunjika mkono, hizo zinatosha. Kwa aliyepasuliwa ubongo, ni mwanzo tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, na nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao mwaka 2009. Lakini fikra ya ofisi zetu bado inautafuta ulemavu kwenye miguu na macho. Ulemavu unaokuja na kuondoka ndani ya siku moja hauna mlango wa kuingilia katika mafaili yetu.

Wapo watakaosema kuwa huu ni ulegevu, na kwamba wanaume wa kweli hurudi kazini. Nawakumbusha kisa cha Joe Biden. Akiwa seneta, alipasuliwa kwa sababu ya anurizimu mbili, Februari na Mei 1988, akarejea katika Seneti Septemba ya mwaka huo. Mtu huyo alikuja kuwa rais. Tunaposimulia ushujaa wake tuisimulie pia ile miezi saba aliyopewa, ambapo kiti chake hakikuhojiwa.

Nchi yetu haijakaa bure. Mwaka 2006, wakati madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo Tanzania walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, daktari Dilan Ellegala alimfundisha Emmanuel Mayegga upasuaji wa ubongo katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, na Mayegga hakuwa hata na shahada ya udaktari wakati huo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, leo inatibu maradhi ambayo zamani yalitupeleka India. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limenipunguzia adhabu ya kivuko ninapokwenda kliniki Mwanza. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa mwaka 2024.

Basi hatua inayofuata haihitaji mashine. Mazoezi ninayofanya kila asubuhi yanahitaji kiti, ukuta na mtu aliyefundishwa kuyaonyesha. Mhudumu wa afya wa mtaa anaweza kufundishwa, na mama muuza ndizi aliyepatwa na kiharusi, ambaye hana mwajiri wala fomu ya kujaza, akanufaika kabla yangu. Bima ihesabu mazoezi tiba kuwa sehemu ya matibabu yenyewe. Na maofisa utumishi mnaosoma makala haya, ongezeni kisanduku cha tatu katika fomu zenu, pamoja na mistari kadhaa ya kuandika mtu anaweza nini na kwa muda gani. Gharama yake ni wino.

Kwa sisi wengine, lipo lililo rahisi zaidi. Swali la "umepona?" lina majibu mawili tu, na yote mawili kwangu ni uongo. Kiswahili kinatupa swali lililo bora, nalo ni la kila siku: "Unaendeleaje?" Ukimuuliza mtu hivyo, umempa nafasi ya kukujibu ukweli. Mimi ninaendelea. Jana nimetembea hadi sokoni na kurudi, nimepumzika mara mbili njiani, na dunia ilizunguka mara moja tu.